Bustani ya Nyumbani: Tangawizi ya Maua

Tangawizi ya chai waijua. Je, wajua kuwa ina ndugu wengi? Manjano na iliki ni wa ukoo wake, na tena wako wengine wapandwao kwa ajili ya maua tu. Mmoja huchanua maua meupe kama kipepeo, na jioni harufu yake hushindana na asmini. Asili yake ni Asia, penye milima ya Himalaya. Huko Kuba ndilo ua la taifa.

Mimi nilipopewa kipande cha tunguu yake, yaani lile shina nono la chini ya udongo, niliambiwa kuwa wapenda unyevu. Basi nikakizika bondeni. Masika yakaja, maji yakatuama, nami nilipofukua nikakuta uozo mtupu. Unyevu ni kitu kimoja, na kuzama ni kingine.

Fanya hivi. Chagua mahali palipoinuka, chini ya kivuli chepesi cha mnazi au mwembe. Changanya udongo na samadi iliyooza. Panda kipande chenye macho mawili au matatu, kina cha inchi 2, nafasi futi 3, kisha funika kwa majani makavu. Mwagilia maji ya kisima. Ninyi wa Nyamisati na vijiji vya delta, onjeni maji kwanza, kwa maana chumvi huunguza majani. Kila shina huchanua mara moja tu; likimaliza, likate, uwape nafasi machipukizi.

Sasa sikia onyo. Mmea huu ukishashika, hupenda mno ukingo wa maji. Afrika Kusini na Brazili umekuwa gugu la kando ya mito, ukisonga mimea ya asili. Nasi twakumbuka Aprili 2024, mafuriko yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mto hauchagui mzigo: kipande kimoja kikichukuliwa na maji, huweza kuota kitakapokwama, labda katika mpunga wa mwenzio. Kwa hiyo usipande karibu na mto, wala usitupe masalia mferejini. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha yachome.

Ua zuri na likae karibu na mlango wako, lisiwe gugu shambani kwa jirani.