Chupa Anayofunguliwa Mama Anyonyeshaye



Wapendwa waumini, kila tunapoalikwa nyumbani baada ya ubatizo wa watoto wachanga, iwe Kirumba, Nyakato au Igoma, hutukuta jambo lile lile. Mama wa mtoto huketishwa mahali pa heshima, kreti za bia huingizwa, na kabla hajatia neno, shangazi au mama mkwe amekwisha kumfungulia chupa: “Kunywa, mwanangu, maziwa yashuke.” Mama huyo afanyeje? Kukataa ni kuwakosea adabu wakubwa. Basi hunywa, na baada ya muda mfupi mtoto hulia, naye humpa ziwa.

Hatusemi kwamba kunywa kwa kiasi ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Lakini kiasi cha mama anyonyeshaye hakipimwi kwa kichwa chake peke yake, kwa kuwa yupo mwingine anayekunywa pamoja naye bila kuulizwa.

Waganga wanatufundisha kwamba kilevi hupita kutoka katika damu na kuingia katika maziwa, kwa kiwango kinachokaribiana na kile cha damu. Hufikia kilele baada ya nusu saa hadi saa moja, au baadaye kidogo ikiwa mama amekula. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuharakishi lolote, wala kahawa na supu hazisaidii. Maziwa husafika kadiri damu inavyosafika. Chupa yetu ya kawaida ya bia, yenye nusu lita, huhitaji takriban saa tatu hadi nne. Chupa mbili, saa sita hadi nane.

Je, ni kweli kwamba pombe huleta maziwa? Imani hii si ya kwetu tu, hata Ulaya ilikuwako. Ukweli ni kwamba kilevi huzuia homoni inayoyashusha maziwa. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Julie Mennella na Gary Beauchamp, walionyesha kwamba watoto walinyonya maziwa machache zaidi baada ya mama zao kunywa. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kupata chakula, maji na mapumziko. Uji wa ulezi na samaki wa ziwa letu vinatosha kabisa kumheshimu mzazi.

Lililo salama zaidi, basi, ni kutokunywa. Mama atakayekunywa chupa moja na amnyonyeshe mtoto kwanza, au akamue maziwa mapema, kisha asubiri saa hizo zipite. Usiku huo asilale kitanda kimoja na mtoto, bali amwachie mtu asiyekunywa. Kuhusu gongo, hatuna hesabu ya saa ya kuwapa. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini gongo, ambayo imeharamishwa tangu zamani, bado inapikwa kando ya ziwa, na nguvu yake haijulikani hata kwa anayeipika. Huenda ikawa na sumu ya kupofusha na kuua. Mama asiiguse kamwe.

Tena tusije tukawatwika akina mama mzigo wa aibu. Aliyekunywa chupa moja jana asimwachishe mtoto ziwa. Asubiri, kisha aendelee. Aliyezoea kunywa kila siku asaidiwe, wala asisengenywe. Amwendee mhudumu wa kliniki bila hofu.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, mke wa Manoa aliagizwa na malaika ajiepushe na divai na kileo kabla ya kumzaa Samsoni. Mara nyingi tunaishia hapo, tukasahau kwamba Manoa naye aliomba afundishwe namna ya kumlea mtoto. Hakuliona jambo hilo kuwa la mkewe peke yake.

Kwa hiyo neno letu Dominika hii ni kwenu zaidi, akina baba, mama wakwe, mashangazi na wasimamizi wa ubatizo. Ninyi ndio mnaoshika kifungulio. Katika sherehe ijayo mpeni mama soda, maji au uji, tena mumpe mbele ya wageni wote, ili asilazimike kujitetea. Mtoto tuliyempokea asubuhi kanisani tumpokee na jioni mezani.

Tunawatakia Dominika njema. Bikira Maria, aliyemnyonyesha Mkombozi wetu, atuombee.