Acheni Kufuta Barua za Watu Kimyakimya

Ndugu zangu wasimamizi wa seva, leo nina neno nanyi. Hicho kichujio cha barua taka mnachokiamini kama hakimu ni kikokotoo tu!

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona ndani yake, chukua SpamAssassin, programu huria inayojulikana sana. Haijui taka ni nini. Inajumlisha alama tu. Barua inataja mamilioni ya dola? Alama. Seva iliyoituma iko kwenye orodha nyeusi? Ongeza. Kisha kuna hesabu za Bayes, zile alizozipigia debe Paul Graham mwaka 2002, zinazopima kila neno kwa jinsi lilivyozoeleka kwenye taka na kwenye barua halali. Jumla ikifika 5, ambacho ndicho kiwango cha kawaida, barua inaitwa taka.

Makisio hayo hukosea. Kulikuwa na kanuni iitwayo FH_DATE_PAST_20XX, ya kunasa barua zenye tarehe ya mbali sana mbeleni. Aliyeiandika aliona 2010 ni mbali. Tarehe 1 Januari 2010 ikafika, na barua halali zikaanza kuongezewa alama, zaidi ya 3 kwenye mipangilio mingi. Kosa lao? Kuandikwa mwaka mpya!

Na SpamAssassin yenyewe haifuti kitu, hubandika alama tu. Anayefuta ni wewe uliyeandika amri ya kutupa.

Mwaka jana kampuni moja niliyoifanyia kazi ilichelewa kunilipa miezi miwili. Seva yao ilijibu 250, yaani "nimepokea", kisha kichujio kikaitupa ankara yangu. Wao wakidhani sijadai, mimi nikidhani wananikwepa. RFC 5321 ya mwaka 2008 inasema wazi: seva ikishajibu 250 imebeba jukumu la kufikisha barua au kutoa taarifa kwamba imeshindwa.

Mtasema, "Tukikataa waziwazi tutawafundisha watuma taka." Wapi! Mtu anayetuma barua milioni haumizwi kichwa na moja iliyokataliwa. Anayeumia ni kijana aliyeomba kazi na bado anasubiri jibu.

Sisemi mfungue lango. Kama alama zinatia shaka, wekeni barua kwenye folda ya taka, mwenyewe achungulie. Kama mna uhakika, ikataeni mlangoni kwa 550 kabla ya kuipokea, ili seva ya mtumaji imjulishe mwenyewe. Naye atapiga simu, au atatuma kwa njia nyingine.

Basi fungueni faili zenu za mipangilio leo. Mkikuta amri ya kutupa, iondoeni. Hata posta ikishindwa kufikisha bahasha huirudisha kwa mwenyewe, haiichomi nyuma ya ofisi.