Ngome ya Mtandao wa Biashara Vijijini: Tuijue, Tuijenge, Tuilinde

Biashara ya kijijini siku hizi haikai tena ndani ya kuta nne za duka. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, na tangu nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) zilipofika Dar es Salaam, hesabu za muuzaji, orodha ya wadeni wake na fedha zake zenyewe hupita katika njia ambayo watu wa dunia nzima huipita pia. Mfanyabiashara wa Mbalibali, wilayani Serengeti, leo hii yu karibu na mhalifu wa bara jingine kama alivyo karibu na jirani yake. Umbali, ambao zamani ulikuwa kinga yetu, umeondoka. Na mahali pake wengi wetu hatujaweka kinga nyingine.

Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi kinga hiyo, ambayo hapa nitaiita ngome na ambayo mafundi wetu huiita fayawali. Kisha nitatetea hoja moja: kwamba kwa biashara ndogo na za kati za vijijini kwetu, ngome inayofaa ni ile iliyojengwa kwa programu huria, lakini kwamba haitatufaa kitu ikiwa hatutamwandaa mtu wa kuilinda.

Ngome ni kitu gani?

Jina la chombo hiki katika lugha za kigeni limetokana na ukuta unaojengwa kati ya nyumba na nyumba ili moto usienee. Mkulima anayepakana na mbuga anaielewa haraka maana hiyo, kwa kuwa anajua faida ya ukanda uliofyekwa ili moto usivuke ukafika shambani. Hata hivyo mfano wa boma la ng'ombe unafaa zaidi. Ukanda uliofyekwa huzuia kila kitu, lakini boma lina lango. Mifugo hutoka asubuhi na kurudi jioni, na yule asimamaye langoni anawajua walio wake na wasio wake.

Taarifa zinazosafiri mtandaoni hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya ilikotoka, anwani ya inakokwenda, na namba ya mlango inaoubisha. Kompyuta moja ina milango yenye namba kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti zenye usiri hupitia mlango 443. Mafaili yanayochangiwa ofisini na kompyuta za Windows hupitia mlango 445. Ngome husimama kati ya mtandao wa ndani na intaneti, husoma maandishi yaliyo juu ya kila pakiti, huyalinganisha na kanuni alizoandika mwenye mtandao, kisha huiruhusu pakiti ipite au huitupa. Ngome nzuri pia hukumbuka mazungumzo: kama kompyuta ya ndani ndiyo iliyouliza swali, jibu lake huruhusiwa kuingia, pakiti inayokuja bila kuitwa hukataliwa. Kanuni ya msingi ni moja: funga kila kitu kwanza, kisha fungua kile tu kinachohitajiwa na kazi.

Si kanuni ya vitabuni tu. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Njia yake kuu ya kuenea ilikuwa mlango 445. Mtandao ambao mlango huo ulikuwa umefungwa kwa upande wa intaneti haukuwa rahisi kuingiliwa na adui huyo kutoka nje.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa duka la pembejeo. Ndani yake mna kompyuta ya hesabu, simu ya uwakala wa fedha, kamera ya ulinzi, na Wi-Fi ambayo wateja huiomba wakisubiri. Mara nyingi vyote hivyo hushikana katika ruta moja, tena yenye nywila ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mwaka 2016 wadukuzi walitumia programu iliyoitwa Mirai kuteka kamera na ruta za namna hiyo kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vilivyotekwa lililemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa nyingi zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Hivyo kamera iliyonunuliwa ili imzuie mwizi wa mlangoni yaweza kuwa ndiyo mlango wa mwizi wa mbali. Ngome hutibu jambo hili kwa kuugawa mtandao vyumba: chumba cha hesabu, chumba cha kamera na chumba cha wageni, na kila chumba kikawa na kanuni zake. Mgeni atasoma habari zake, lakini hataifikia kompyuta ya hesabu.

Programu huria na asili yake

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Richard Stallman alianzisha harakati hizo nchini Marekani mwaka 1983; mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akatoa kiini cha Linux. Mwaka 2001 ulikuwa mwaka wa baraka kwa ngome: Linux ilipata mfumo wa netfilter ulioasisiwa na Rusty Russell, na OpenBSD ikapata mfumo wa pf ulioandikwa na Daniel Hartmeier.

Historia iliyofuata ina funzo kwetu. Mwaka 2003 Manuel Kasper wa Uswisi alitoa m0n0wall, ngome iliyoendeshwa kwa kurasa za kubofya badala ya amri ngumu. Mwaka 2004 wengine waliuchukua msimbo wake wakaanzisha pfSense. Na Januari 2015 kampuni ya Deciso ya Uholanzi ikatoa OPNsense kutokana na pfSense. Kasper alipofunga kazi yake mwaka 2015, aliwaelekeza watumiaji wake huko OPNsense. Mwenye kiwanda alifunga mlango, lakini ufundi haukuzikwa pamoja na kiwanda. Kwa chombo ambacho msimbo wake ni siri, mtengenezaji akichoka au akifilisika, mnunuzi wa Serengeti hubaki na sanduku la bati.

Jambo la pili ni fedha. Ngome za kibiashara huuzwa pamoja na leseni ya kila mwaka, ambayo bei yake hufuata dola. Leseni ikikwisha, masahihisho mengi hukoma, na sanduku huendelea kuwaka taa kana kwamba linafanya kazi. Programu huria haidai leseni. Yaweza kuwekwa katika kompyuta ya zamani yenye kadi mbili za mtandao, ingawa hapa pana hesabu ya kufanya: kompyuta inayotumia wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 43 za umeme kwa mwezi, na bodi ndogo ya wati 10 humaliza uniti 7 tu. Mahali penye umeme wa jua, tofauti hiyo ndiyo huamua kama ngome itakesha au italala. Kwa duka dogo kabisa, ruta ndogo inayokubali programu huria ya OpenWrt inatosha.

Serengeti imekwisha kutufundisha

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya mijini. Hao hawajui historia ya wilaya yenyewe. Katika mradi wa TEHAMA kwa maendeleo ya vijijini, uliozikutanisha COSTECH, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam na Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, eneo la Bunda na Serengeti mkoani Mara lilikuwa mojawapo ya maeneo ya majaribio. Mtandao wa huko uliwahusu watu wa huko: shule, huduma za afya na ofisi za umma. Wataalamu walitumia ruta zilizoundwa kwa kompyuta za kawaida zenye kutumia umeme kidogo na kuendeshwa na Linux. Amos Nungu, ambaye baadaye aliiongoza COSTECH, alitoa tasnifu yake ya udaktari huko Stockholm mwaka 2011 kutokana na kazi hiyo. Swali kubwa la utafiti ule lilihusu uendelevu: nani atautunza mtandao wafadhili wakiondoka?

Hata lugha si kizuizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi kama hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hapakuwa na haja ya kumpigia magoti mwenye kiwanda.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza husema: ikiwa kila mtu anausoma msimbo, je, mwizi naye hausomi? Kweli anausoma. Lakini kufuli njema haitegemei siri ya umbo lake; hutegemea ufunguo. Na siri haikuwaokoa wengine. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Juniper ilitangaza kwamba ndani ya programu ya ngome zake umekutwa msimbo usioidhinishwa, uliomwezesha mgeni kuingia. Wateja hawakuwa na njia rahisi ya kulichungulia jambo hilo wenyewe.

Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba programu huria ya xz, itumikayo katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imetiwa sumu na mtu aliyejifanya msaidizi mwema kwa miaka kadhaa, huku mtunzaji wake akiwa amechoka na yu peke yake. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kuona kuingia katika kompyuta kumechelewa kwa nusu sekunde hivi. Uwazi ulimwezesha kuchunguza; lakini uwazi peke yake haukuzuia sumu isitiwe. Macho mengi hufaa pale tu yanapotazama.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: ngome huria ikiharibika, nani atawajibika? Nakubali kwamba hakuna wa kupigiwa simu bure. Lakini tuseme ukweli: muuzaji wa sanduku la kigeni naye hafiki Mbalibali. Fedha ambayo ingelipwa kwa leseni ni heri ilipwe fundi wa Mugumu au Tarime, ambaye maarifa yake yatabaki hapa.

Mambo ambayo ngome haiwezi

Msomaji asidanganywe na neno ngome. Haimzuii mwenye duka kujibu ujumbe wa tapeli usemao, "ile hela itume kwenye namba hii." Haimzuii karani kufungua kiambatisho chenye sumu, wala mtumishi kumpa rafiki yake nywila. Wala haitoi ulinzi ikisahauliwa. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba programu haribifu ya VPNFilter ilikuwa imeziteka ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Vingi vilikuwa vya nyumbani na vya ofisi ndogo, vyenye kasoro zilizokwisha kujulikana.

Hapa ndipo ninapopingana na wale wanaoisifu programu huria kwa sababu ni ya bure. Bei yake ni kazi: kusahihisha programu kila toleo jipya litokapo, kusoma kumbukumbu za ngome, kuhifadhi nakala ya kanuni, kuondoa ruhusa iliyotolewa kwa siku moja ikasahauliwa mwaka mzima. Ngome isiyo na mlinzi ina ubaya wa pekee, kwa kuwa humfanya mwenye mali alale usingizi.

Nini kifanyike?

Wafugaji wa Mara wanalijua josho. Mfugaji mdogo hajengi josho lake peke yake. Watu huchanga, huwekwa msimamizi, na dawa hupimwa. Josho ambalo dawa yake imepoteza nguvu humlowesha ng'ombe, na kupe hubaki. Ngome nazo zitunzwe kwa mtindo huo. Maduka, vituo vya afya, vyama vya akiba na mikopo na vyama vya ushirika vya eneo moja vichange kumlipa fundi mmoja aliyefunzwa, azizungukie ngome zao kwa ratiba. VETA na vyuo vyetu viingize somo hili katika mafunzo ya mafundi wa kompyuta, na mtihani wake uwe wa kujenga ngome inayofanya kazi. COSTECH na vyuo vikuu vitoe kitabu cha Kiswahili chenye kanuni za mfano kwa duka, zahanati na chama cha akiba.

Jambo hili si la hiari tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu avunjaye. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humgusa pia atunzaye. Anayeweka majina, namba za simu na madeni ya watu ana wajibu wa kuyalinda. Mkulima aliyeandikwa katika kompyuta ya chama chake hakuchagua ruta wala nywila. Aliwaamini viongozi wake. Imani hiyo ndiyo mali hasa iliyomo ndani ya boma. Zana za kuilinda zipo, tena hazina kodi ya kulipa ng'ambo. Kinachokosekana ni mlinzi wa langoni, na huyo hatuwezi kumwagiza kutoka nje. Ni lazima tumfunze wenyewe.