Neno Lililotoka Zizini

Mkulima akisema amenunua ng'ombe chotara, majirani humpongeza na kumuuliza anakamua lita ngapi. Lakini mtoto ambaye babake na mamake si wa rangi moja akirushiwa neno hilo hilo na wenzake shuleni, hurudi nyumbani akilia.

Wapenzi wasomaji, si sisi wa kwanza kuwaita watu kwa majina ya mifugo. Leo tuwatazame Wahispania, ambao neno lao la kutaja asili na rangi ya watu ni "raza".

Mwaka wa 1611, Sebastián de Covarrubias alitoa kamusi kubwa ya Kihispania. Humo, raza kwanza ni farasi wa uzao bora, wanaopigwa chapa ya chuma ili wajulikane. Pili, ni uzi usiofanana na wenzake katika kitambaa. Tatu ndipo anapofika kwa watu, na hapo anasema neno hilo lina ubaya: mwenye raza ni yule ambaye ukoo wake una Myahudi au Mwislamu. Basi lililokuwa sifa kwa farasi likawa doa kwa binadamu.

Doa hilo halikuanza na kamusi. Mwaka wa 1449, viongozi wa mji wa Toledo walitoa amri kwamba mtu wa ukoo wa Kiyahudi asishike cheo mjini, hata kama amebatizwa. Baadaye kanuni kama hizo, zilizoitwa za "usafi wa damu", zilienea katika vyuo na makanisa mengi. Aliyetaka nafasi alichunguzwa hadi kwa babu na nyanya zake. Maji ya ubatizo yaliosha dhambi, lakini hayakuosha ukoo.

Fikira hizo zilivuka bahari. Huko Mexico, Wahispania walizaa na wenyeji wa asili na Waafrika waliopelekwa utumwani, na kila mtoto akatafutiwa jina. Wa Mhispania na mwenyeji aliitwa "mestizo", yaani mchanganyiko. Wa Mzungu na Mwafrika aliitwa "mulato", neno ambalo Covarrubias alilihusisha na baghala, mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Wengine waliitwa "lobo", yaani mbwa-mwitu!

Katika karne ya 18, wachoraji walichora familia hizo, mara nyingi picha 16 kwa mfululizo: baba, mama na mtoto, na jina la mtoto limeandikwa papo hapo. Wala haukuwa mzaha. Majina kama hayo yaliandikwa na padri katika daftari la ubatizo, nayo yaliweza kuamua nani alipe kodi gani na nani afunguliwe mlango wa chuo.

Mexico ilipata uhuru mwaka wa 1821, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku kuandika asili ya mtu katika hati rasmi. Mwaka wa 1829 Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alitangaza mwisho wa utumwa.

Lakini kufuta majina pia kuliwaficha watu. Wamexico wenye asili ya Afrika walikaa miaka mingi bila kuhesabiwa. Sensa ya 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza, na zaidi ya watu milioni 2.5 wakajibu: ndiyo, ni sisi. Nao Wamarekani wenye asili ya Mexico, tangu miaka ya 1960, walilichukua neno raza na kulifanya jina la fahari na udugu.

Funzo ni nini, wazazi? Jina halimchomi mtu kwa sababu linataja asili yake. Humchoma anapobandikwa na mwingine, kama chapa juu ya farasi. Mtoto wako akirudi analia, usimwambie ni neno tu. Muulize yeye angependa kuitwaje. Na wako akiwa ndiye aliyelirusha, mkumbushe: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tukutane Jumapili ijayo.