Wasifu wa Marehemu na Deni la Kanisa

Katika maziko ya Wakristo wa miji yetu siku hizi, kwaya ikiisha kuimba na kabla mhubiri hajapanda mimbarini, husimama mtu wa aila ya marehemu, aghalabu kijana aliyesoma, akakunjua karatasi iliyopigwa chapa kwa rangi, akatusomea wasifu. Na katika wasifu huo tutasikia marehemu alizaliwa wapi na lini, alipata shahada gani na katika chuo kipi, alishika vyeo vingapi na kustaafu kwa daraja gani, aliugua maradhi gani na kulazwa hospitali zipi, na ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kisha, mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka neno akiwa mlangoni na kofia mkononi, msomaji hutuambia ya kuwa marehemu alikuwa Mkristo mwaminifu hata kufa kwake. Miaka sitini au sabini ya kusali, ya kufunga, ya kutoa zaka katika mwaka wa njaa, ya kuteta na Mungu usiku mtoto anapoungua kwa homa, hupewa sentensi moja, na sentensi hiyo ni ileile aliyosomewa jirani yake juma lililopita.

Siwalaumu watu wa aila, maana wao wameelemewa na msiba, na mwajiri aliwapa vyeti ambavyo wanaweza kuvinakili. Lawama yangu naielekeza kwa kanisa. Ndilo lililompokea mtu huyu kisimani mwa ubatizo, likamfunga pingu za maisha, likamlisha mezani pa Bwana mara zisizohesabika, nalo siku ya kumuaga halina la kusema juu yake, kwa kuwa halikuandika kitu. Daftari la ubatizo lina jina, wazazi, wasimamizi na kasisi; daftari la ndoa lina mashahidi na sahihi zao; daftari la maziko lina jina, umri, tarehe na aliyeongoza ibada. Hakuna daftari la yaliyopita katikati.

Nilipata kuhudhuria maziko ya mzee mmoja wa pwani, karani mstaafu wa forodha, na wasifu wake ulisomwa kwa ufasaha na taadhima. Tuliporudi kutoka makaburini niliketi ukingoni mwa mkeka waliokalia akina mama, nikamwamkia bibi mmoja mkongwe, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umesikia waliyoyasoma?" Nikamjibu nimesikia. "Wamesema alikuwa karani. Kweli, alikuwa karani. Lakini mbona hawakusema kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mikono yule mzee mwenye ukoma kila Jumamosi, ili Jumapili aje apokee Ushirika pamoja nasi? Na watu wakamtenga yeye naye, miezi mingi, hata kikombe chake cha chai wakakiweka mbali." Nilipomuuliza kwa nini hakusimama akayanena hayo mbele ya halaiki, alicheka, akaniambia programu ilikuwa imekwisha chapwa, na jina lake halikuwamo.

Upungufu huu si wa leo, wala haukuletwa na mashine za kupiga chapa. Itazame tarehe ya kanisa la pwani. Mwezi wa Julai mwaka 1885 Askofu James Hannington alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akashika njia ya Umasai kwenda Buganda, na pamoja naye alikuwa William Jones, Mwafrika aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Nasik huko Bara Hindi, na mwaka huohuo akapewa ushemasi na askofu yule. Na nyuma yao mlolongo wa wapagazi wapatao mia mbili. Walipofika Kavirondo askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu hamsini hivi. Huko Busoga walikamatwa, na tarehe 29 Oktoba, kwa amri ya Kabaka Mwanga, askofu aliuawa, na wenziwe karibu wote wakauawa pamoja naye. Waliosalimika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jones alikaa akingoja habari, na alipoipata habari yenyewe aliwarudisha waliosalia kwa miguu mpaka Rabai, wakawasili mapema mwaka 1886.

Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe mwishoni mwa mwaka 1892, na jina lake limo katika kalenda ya kanisa. Heshima hiyo aliistahili, wala sina kijicho nayo. Lakini wale waliochinjwa kando yake kalenda huwataja kwa jumla kuwa ni wenziwe, ikiwa yawataja hata kidogo. Yumkini miongoni mwao walikuwamo waliobatizwa na wasiobatizwa, Waislamu, na watu waliotafuta ujira wa kulipa mahari tu. Nao vilevile walizaliwa na mama, na mama zao walingoja. Na Jones mwenyewe, aliyeuchukua mzigo ule wa huzuni mwendo wa mamia ya maili, ni Wakristo wangapi wa Mombasa ya leo wawezao kumsimulia mtoto habari zake mpaka chai ikapoa?

Yaliyotukia Buganda mwaka uliofuata kifo cha askofu yanatujulisha kwamba haikulazimu iwe hivyo. Mashahidi wa Uganda, ambao kundi lao kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, walikuwa wengi wao vijana wa barazani kwa mfalme, wasio na jeshi wala mali. Ilhali leo twawataja mmoja mmoja, twajua ya kuwa Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa ngoma za Kabaka, na ya kuwa Kizito alikuwa mdogo wa wote, na yupi alikuwa Mkatoliki na yupi Mwanglikana. Ukubwa wa kifo chao hautoshi kuwa sababu, maana kifo cha wapagazi wa Busoga nacho hakikuwa kidogo. Wamisionari walikaa chini kumbukumbu zingali moto, wakawahoji walioona kwa macho, akiwamo Denis Kamyuka, kijana aliyehukumiwa pamoja nao na kisha akaachiliwa, wakayaandika waliyoambiwa. Papa Benedikto XV alipowatangaza Wakatoliki wale kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI alipowatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964, Roma ilikuwa na ushuhuda wa kushika mkononi.

Unguja nako kuna funzo, tena la kuchekesha. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wageni huonyeshwa kaburi la Askofu Edward Steere nyuma ya madhabahu. Kisha huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, wakaambiwa kuwa mafundi walizisimika hivyo askofu alipokuwa safarini, na kicheko hufuata. Basi mafundi wale waliokanda chokaa na kupanga mawe ya matumbawe katika jua la Unguja mpaka paa lile likakaa juu, hadithi yao yasimuliwa pasipo majina, na fadhila yote ya kazi yao imesahauliwa likabaki kosa moja.

Wapo waliotuonyesha njia iliyo bora. James Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, mji walioundiwa watumwa walioachwa huru hapo Mombasa mwaka 1875, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, akaeleza mambo yaliyowapata watu wale, baba yake mzazi akiwamo. Na hakungoja wawe maaskofu ndipo awaandike. Na kabla yake sana, Mtume Paulo, alipoufunga waraka wake kwa Warumi, baada ya elimu nzito ya neema na hukumu, alianza kutaja watu: Fibi, Priska na Akila, Trifaina na Trifosa, Persisi, Rufo na mama yake, akiwapa wengi wao neno moja mahsusi, huyu alinihifadhi, yule alijitaabisha, mwingine alikuwa kwangu kama mama. Hakuna katika hao aliyetajwa kwa cheo cha serikali.

Najua wapo ndugu zetu wa madhehebu ya Kiprotestanti watakaotia shaka, wakihofu kwamba kuwaenzi wafu ni mlango wa kuwaomba wafu. Na Wakatoliki, walio na Siku ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba na misa za kuwaombea, watasema wao wamekwisha timiza wajibu. Kila upande na ushike itikadi yake. Kumwombea marehemu ni jambo moja, na kujua aliishije ni jingine; mtu aweza kulitaja jina la babu yake katika misa ya kila mwaka pasipo kujua hata sala moja aliyoipenda. Hofu iliyo na haki zaidi ni ya uongo, kwa kuwa sisi Waswahili husema marehemu hasemwi, na adabu hiyo imewafanya wafu wetu wote kuwa malaika. Mimi ningependa daftari la kanisa liwe na ujasiri wa kuandika kwamba fulani aliacha kuja kanisani miaka minane baada ya kufiwa na mwanawe, na kwamba alirudi, na nani alimwendea nyumbani. Imani isiyopata kutikisika mimi huwa na wasiwasi nayo.

Kazi yenyewe si nzito. Kila usharika na kila parokia wamchague mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na masikio ya subira, wampe daftari kubwa lenye jalada gumu, gharama yake haifiki robo ya sare moja ya msiba. Aanze na wazee walio hai, kabla ya arobaini ya mtu yeyote, akae nao barazani awaulize nani aliwafundisha Baba Yetu, wimbo gani waliuimba katika taabu, ugomvi gani wa kanisa waliusuluhisha au waliuanzisha, nani alikuwa akipiga kengele kabla ya huyu wa sasa. Msiba ukitokea, ukurasa huo ndio usomwe kwanza, na vyeo vifuate. Mwandishi asiwe kasisi, maana makasisi huhamishwa, na daftari lilale kanisani chini ya kufuli, wala lisilale nyumbani kwa mwenyekiti.