Jina Hubadilika kwenye Kadi ya Gari, Funguo za Zamani Hubaki Zikitambulika

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia nchini kupitia Bandari ya Dar es Salaam ni yale yaliyokwisha kutumika nje, hususan nchini Japani. Baada ya kuingia, magari hayo huendelea kuuzwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na kila mauzo huhitaji mabadiliko ya umiliki katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo mabadiliko hayo hayaligusi. Kompyuta ya gari haisomi kadi. Huendelea kuzitambua funguo zote ilizokwisha kufundishwa, zikiwamo zilizobaki mikononi mwa mmiliki wa awali, dereva aliyeacha kazi au mtu aliyeuokota ufunguo uliopotea.

Mfumo unaohusika hujulikana kwa mafundi kama imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo huwekwa chipu ndogo yenye namba ya siri. Ufunguo unapoingizwa kwenye swichi, koili iliyozunguka swichi hiyo huipa chipu nguvu na kuisoma namba yake. Kompyuta ikiitambua, injini huruhusiwa kuwaka. Isipoitambua, huzuia mafuta au umeme wa plagi, na katika baadhi ya magari huzuia hata stata. Ufunguo uliochongwa vizuri lakini usio na chipu sahihi unaweza kufungua mlango, lakini hauwezi kuliwasha gari.

Umuhimu wa kinga hiyo umethibitika katika nchi mbalimbali. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria tangu mwaka 1998, Australia ikafuata mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007. Marekani haikuweka sharti hilo, na matokeo yake yalionekana wazi kuanzia mwaka 2021, wizi wa magari ya Kia na Hyundai yasiyokuwa na imobilaiza ulipoongezeka baada ya video za namna ya kuyaiba kusambaa mitandaoni. Februari 2023, kampuni hizo zilitangaza maboresho ya programu kwa magari yapatayo milioni 8.3.

Funzo linalopatikana ni kwamba kinga hiyo hufanya kazi, lakini nguvu yake huishia pale orodha ya funguo inapokosa usimamizi. Mmiliki aliyepoteza ufunguo na kutengenezewa mwingine mara nyingi huamini kuwa tatizo limekwisha. Ukweli ni kwamba ufunguo uliopotea huendelea kuwa halali hadi fundi atakapoufuta kwenye kumbukumbu ya gari.

Changamoto nyingine ni utambuzi wa hitilafu. Gari linapogoma kuwaka, lawama huelekezwa haraka kwenye ufunguo, na mmiliki hulipia programu mpya isiyohitajika. Yapo mambo yanayopaswa kuangaliwa kwanza. Betri ya gari ikiwa imechoka, kompyuta inaweza kushindwa kuwasiliana na ufunguo ulio mzima; betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Funguo nyingine zenye chipu zilizofungwa pamoja nao zinaweza pia kuvuruga usomaji, hivyo ufunguo ujaribiwe ukiwa peke yake.

Vilevile, ni vyema kutofautisha rimoti na chipu. Betri ya rimoti ikiisha, kitufe cha kufungulia milango hakitafanya kazi, lakini ufunguo wa kuingiza kwenye swichi bado utaliwasha gari, kwa kuwa chipu yake haitegemei betri hiyo. Kwa magari ya kuwasha kwa kitufe, modeli nyingi hukubali kuwaka rimoti inaposogezwa karibu kabisa na kitufe hicho.

Taa ya usalama iliyopo kwenye dashibodi nayo hutoa ishara muhimu. Katika magari mengi, kumetameta kwake wakati gari limezimwa ni jambo la kawaida. Ikiendelea kuwaka au kumetameta baada ya swichi kufunguliwa, ndipo yapo mashaka kuwa ufunguo haujatambuliwa. Aidha, injini inayowaka kwa sekunde moja au mbili na kuzimika baada ya kufungwa kompyuta iliyotolewa kwenye gari jingine huenda ina tatizo la namba kutolingana, si pampu ya mafuta. Rimoti mpya nazo zisinunuliwe kwa kufanana umbo, kwa kuwa nyingi za magari ya soko la Japani hutumia masafa ya takribani megahezi 315, ilhali nyingi za Ulaya hutumia 433.

Kwa muktadha huo, mwananchi anayenunua gari lililotumika anashauriwa kudai funguo zote, kisha kumtaka fundi asome idadi ya funguo zilizomo kwenye kumbukumbu. Idadi ikizidi zile alizokabidhiwa, zilizozidi zifutwe. Ufunguo wa akiba utengenezwe mapema wakati wa kwanza ungalipo, kwa kuwa funguo zote zikipotea, kazi huwa ngumu na gharama hupanda. Baadhi ya magari hulazimu kompyuta kufunguliwa na kuandikwa upya. Kazi hiyo ifanyike mbele ya mmiliki, na funguo zote zijaribiwe kabla ya malipo.

Mafundi nao wana wajibu. Kifaa cha kuprogramu kinachomsaidia mmiliki aliyekwama kinaweza pia kumpa mwizi ufunguo halali. Kwa sababu hiyo, fundi mwadilifu huomba kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kuanza kazi, na hutunza kumbukumbu ya aliyehudumiwa. Mwenye gari anayeulizwa nyaraka hizo asione amedharauliwa. Swali hilo ndilo litakalomzuia mtu mwingine siku atakapofika kwa fundi huyo na gari lisilo lake. Ufunguo uliopotea au kuibwa utolewe taarifa Polisi, na taarifa hiyo iambatane na hatua ya kuufuta, kwani karatasi pekee haiwezi kuuzuia kuliwasha gari.