Mtoto wako akialikwa kuimba ng'ambo: mambo ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kanda ya Ziwa haina uhaba wa vipaji. Makanisa yetu yamejaa kwaya za vijana, na pale Bujora, Kisesa, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza kila msimu wa Bulabo. Siku hizi onesho likirekodiwa kwa simu linaweza kuonekana Ulaya siku hiyo hiyo, na mwaliko nao ukaja kwa simu hiyo hiyo: "Tupeni vijana kumi, tutawalipia kila kitu."

Mwaliko wa namna hiyo unaweza kuwa baraka. Unaweza pia kuwa mtego. Makala haya yanaeleza namna ya kuvitofautisha.

Maisha ya ziara yalivyo

Sisi tuliobaki nyumbani huona jukwaa na makofi. Lakini onesho ni la saa moja au mbili tu. Muda mwingine ni basi, kushusha vyombo, mazoezi, kulala ugenini na kuondoka alfajiri kwenda mji mwingine. Chakula ni kigeni na baridi ni kali. Ngoma ya ngozi ikilegea, kwetu tunaipasha kwenye moto wa nyasi. Ndani ya ukumbi wa Ulaya huwezi kuwasha moto huo. Hata vazi lenye ngozi ya chatu linahitaji kibali cha wanyamapori kuvuka mipaka.

Kwa hiyo ziara ni kazi, na mtoto anayefanya kazi mbali na wazazi anahitaji ulinzi.

Mifano miwili

Kwaya ya African Children's Choir ilianzia kwa jirani zetu Uganda mwaka 1984, wakati wa vita. Watoto wake huzunguka kwa basi mji hadi mji, mara nyingi wakilala kwenye familia zinazowakaribisha. Huwa na walezi na masomo safarini, na ziara ikiisha hurudi nyumbani, ambako fedha zilizopatikana husaidia elimu.

Mfano wa pili ni wa Zambia. Mwaka 1998, Given Kachepa, yatima wa miaka 11 kutoka Lusaka, alipelekwa Texas, Marekani, na kwaya ya wavulana. Familia ziliahidiwa kwamba watoto watasoma na nyumbani watatumiwa fedha. Walichokuta ni kuimba hata mara saba kwa siku bila malipo. Waliogoma walitishiwa kurudishwa kwao, na kuna wakati gesi ya kupikia ilikatwa ili njaa iwalazimishe kuimba. Waliokolewa mwaka 2000. Kachepa alipokua akawa mtetezi wa watu waliopitia mateso kama yake.

Angalia jambo moja: wasikilizaji waliokuwa ukumbini waliona watoto wanaotabasamu. Tofauti ya kwaya hizi mbili haikuonekana jukwaani. Ilikuwa nyuma ya pazia, kwenye shule, chakula, fedha na uhuru wa kurudi nyumbani.

Sheria yetu inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Mtoto akichukuliwa kwenda kunyonywa, ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi mahakamani. Dole gumba la baba kwenye karatasi halimsafishi aliyemchukua mtoto.

Kikundi kinachokwenda kufanya maonesho nje kinatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Anayekuambia "tusipitie huko, watatuchelewesha" ameshakujibu swali la kwanza.

Maswali ya kuuliza

• Nani anaalika? Mwombe barua yenye anwani, kisha Afisa Utamaduni asaidie kuhakiki.
• Viza ni ya aina gani? Viza ya matembezi kwa mtu anayekwenda kufanya maonesho ya malipo ni dalili mbaya.
• Ratiba ikoje? Maonesho mangapi kwa wiki, siku ngapi za kupumzika, na lini wanarudi?
• Nani analala na watoto, na wakiugua nani analipa hospitali?
• Watasoma wapi wakati wenzao wako darasani?
• Pasipoti itatunzwa na nani, na mtoto ataipataje akiihitaji?
• Fedha za viingilio na michango zinakwenda wapi? Iandikwe kwenye mkataba wa Kiswahili, na nakala ibaki kwako.
• Mtoto atapiga simu nyumbani lini, bila kusimamiwa?

Mwenye nia njema hatachukia maswali haya. Majibu anayo tayari. Akikukasirikia, au akikuambia nafasi inaisha leo jioni, mwache aende nayo.

Ukiwa na wasiwasi juu ya mtoto yeyote, piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au mwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako.